Vidole Viwili vya Fundi

Fundi hakuwa na futi. Sikuwahi kumwona na rula wala utepe wa kupimia, na mtu akimletea utepe Fundi aliupokea kwa shukrani, akauweka juu ya pipa la oili chafu, akausahau hapo mpaka uliposhika kutu. Kipimo chake kilikuwa vidole viwili vilivyobanwa pamoja, cha shahada na cha kati. Vikipita kati ya chuma na chuma, trekta lako liliondoka. Visipopita, lilibaki uani kwake hata ukilia, hata ukimwambia korosho zinakaribia kudondoka na majani shambani yamefika kiunoni.

Nitamwita Fundi kwa sababu Nachingwea nzima ilimwita hivyo, na kwa sababu jina lake silitamki tena. Nilimpenda mzee yule kama baba yangu. Nasema hilo mapema ili lisije likapotea katika haya mengine. Mtu usiyempenda akikufanyia ubaya unasonya, unaendelea na safari yako. Mimi nimesonya miaka minne na bado sijamaliza.

Kazi iliyompa sifa ni ndogo ukiisikia. Trekta likifungwa mashine ya kufyekea kwa nyuma, katikati yake inakaa propela, yaani ule mhimili unaotoka tumboni mwa trekta kwenda kuzungusha visu. Chini ya propela kuna chuma kinene cha kuvutia tela. Kushoto na kulia kuna mikono miwili inayoinyanyua mashine, na minyororo yake. Vitu vyote hivyo vinaishi mahali ambapo kuku akiingia hawezi kugeuka. Mashine ikinyanyuliwa, propela inanyanyuka nayo. Ikishushwa, propela inainama kukifuata kile chuma cha tela, na siku ikikigusa inakuwa inazunguka kwa nguvu zote za injini. Watu wengi wanachomeka pini, wanawasha, wanakwenda shamba. Fundi alikuwa akisema hao ndio wanaomlisha.

Uani kwake, nyuma ya soko, kulikuwa na shimo. Mgeni alidhani ni la takataka, na mara moja mama mmoja muuza samaki alimwaga humo maji yake machafu, Fundi akamfukuza mpaka barabarani. Lilikuwa shimo la kupimia. Alirudisha trekta kinyumenyume mpaka mashine ikae juu ya shimo, kisha akaiacha ishuke ndani, chini ya usawa wa magurudumu.

"Sakafu ya saruji inakusifia tu," alikuwa akisema. "Mashamba ya Ruponda yana saruji?"

Hayana. Mashamba yetu yana visiki, yana vichuguu, yana mashimo ya watu waliochimba mihogo wakaondoka zao. Mashine inayofuata trekta kwenye shamba la mikorosho inazama na kuibuka siku nzima. Kwa hiyo Fundi alipima mara tatu: mashine ikiwa juu, ikiwa kati, ikiwa chini shimoni. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Na vidole havikuwa vyake. Vilikuwa vya dereva.

"Juu. Ingiza. Vinapita?"

"Vinapita, Fundi."

"Kati. Vinapita?"

"Vinapita."

"Chini. Usinidanganye. Vinapita?"

Ukijibu mara ya tatu anakupa ufunguo, na anakuaga kwa kukugonga begani. Madereva wakongwe walisimulia kwamba zamani alikuwa akipima kwa vidole vyake mwenyewe, na hii ya kutumia vidole vya dereva aliianza baadaye, uzeeni. Tulisema amekuwa mwalimu. Mwenyewe aliulizwa akajibu kwamba shambani hatakuwepo yeye, itakuwepo mikono yetu, basi mikono yetu ndiyo ijue. Jibu hilo nilikuwa nikilirudia kwa watu kwa fahari, kama vile nimelitunga mimi.

Alikuwa mkali wa chuma na mlegevu wa ahadi. Akikuambia spea itafika kesho kutoka Dar, ujue hata simu hajapiga. Aliswali swala zote, na kati ya swala na swala aliwatukana mbuzi wa jirani kwa maneno ambayo mbuzi hastahili. Akikasirika sana aliacha Kiswahili akahamia Kimwera, na hapo hata sisi tusiokijua vizuri tulielewa. Aliokota kila kipande cha chuma cha zamani, vile vilivyobaki tangu enzi za mashamba ya karanga ya wazungu, na alikuwa na hakika kwamba hakuna chuma cha leo kinachovifikia. Nusu ya matrekta ya wilaya yetu yalikuwa na pini au bawaba ya karanga ndani yake.

Chai aliinywa ya rangi, bila sukari, kwa amri ya daktari. Aliilalamikia kila siku. Birika lake alilishika kwa mkono mtupu likiwa limetoka jikoni, akamimina taratibu, akalirudisha mezani. Mimi nilijaribu siku moja nikaliachia, chai yote ikamwagika chini. Alicheka mpaka machozi. Tulikuwa tukimsifu kwa hilo. Tulisema Fundi ana mikono ya chuma, na yeye alitabasamu, hakukataa.

Mara ya kwanza nilifika kwake nikiwa nacheka kwa nje na kuogopa kwa ndani. Kikundi chetu cha wakulima wa korosho kule Ruponda kilikuwa kimepata trekta, na katika watu waliojifunza kuliendesha, mimi peke yangu nilikuwa na leseni. Wanaume walikuwa wameahidi kwenda kusoma, msimu ukawapita. Mwenyekiti wetu akanikabidhi ufunguo mbele ya watu kama anayenipa mtoto mgonjwa. Mashine ya kufyekea ilipoletwa, ilibidi niipeleke Nachingwea ikafungwe.

Uani kwa Fundi siku hiyo palikuwa na madereva watano au sita wakisubiri. Waliponiona nashuka kwenye trekta, mmoja akasema, "Leo tutaona leva ikishikwa kama mchi." Wenzake wakashangilia. Mwingine akafanya kama anatwanga, hu, hu, hu, kiuno na yote.

Fundi alikuwa chini ya trekta la mtu. Akatoka taratibu akijifuta kwa tambara, akanitazama mikono, akawageukia.

"Nyie mmewahi kutwanga?" akauliza.

Yule wa kutwanga akashusha mikono.

"Anayetwanga hapigi kinu. Anaunyanyua mchi, halafu anauacha ushuke kwa uzito wake wenyewe. Na leva, huu mkono wa kushushia mashine, inataka hivyohivyo. Nyie mnaoisukuma kama mnamsukuma mlevi ndio mnaonivunjia vyuma kila wiki." Akanigeukia mimi. "Mama, karibu. Panda, tuone huo mchi."

Nikapanda. Nikaishusha mashine shimoni polepole sana, kama naweka mtungi chini. Haikutoa sauti. Fundi akasema "Mmeona?" na akarudi chini ya trekta lake. Tangu hapo aliniita mwanangu.

Kwa misimu mitatu nilifyeka mashamba ya kikundi bila kuvunja hata pini. Nilijifunza kwake mambo ambayo mwenye trekta kwa kawaida hayajui. Kwamba chuma cha tela kina matundu, na unaweza kuchomoa pini ukakisogeza ndani tundu moja au mawili, propela ikapata pa kuinamia. Kwamba kama hakisogei cha kutosha unakitoa chote, na uvivu wa kukirudisha wakati wa kubeba magunia usikutie tamaa. Kwamba minyororo ya pembeni ikilegea, mashine inayumba na propela inakwenda kubusu mkono wa kunyanyulia. Kwamba propela ndefu mno inajibana ukinyanyua, na fupi mno inachomoka ukishusha. Nilikuwa nikirudi kijijini naongea habari za vidole viwili mpaka mume wangu akasema kama nataka kuolewa na Fundi basi tuachane kwa amani. Alikuwa anatania, lakini ukweli ni kwamba jina la Fundi lilitajwa nyumbani kwetu kuliko la shemeji zangu.

Nilitembea kifua mbele, hilo silifichi. Watoto wa Ruponda waliponisikia naja walikimbia kando ya njia wakiita "Mama Trekta!" Wanawake waliokuwa hawana wa kuwafyekea walikuja kwangu bila kupitia kwa mtu. Nilijua kufanya kitu kimoja vizuri na watu walijua kwamba najua. Mwenye kitu hicho hajui uzito wake mpaka kiondoke.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Msimu wa nne ulipoanza, tulibadilishiwa mashine, ikaja nyingine iliyokaa chini zaidi kuliko ya kwanza. Nikaipeleka kwa Fundi, safari hii mwenyekiti akaja pamoja nami, na wajumbe wawili wa kikundi, kwa kuwa walikuwa na shughuli zao mjini. Fundi alifunga, akakaza minyororo, akaishusha shimoni, akaniita kama kawaida.

"Mwanangu, lete vidole."

Mwenyekiti akacheka. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa masihara.

"Ee, Fundi! Siku hizi mpaka upimiwe na akina mama?"

Wajumbe nao wakacheka. Fundi hakucheka. Nilimwona shingo ikimkakamaa. Akanisogeza kwa kiwiko, akainama, akaingiza vidole vyake mwenyewe. Juu, akasema vinapita. Kati, akasema vinapita. Chini shimoni akakaa kidogo, mkono ukiwa ndani, akatazama pembeni kama anayesikiliza.

"Vinapita," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na kutoka pale nilipokuwa sikuiona nafasi. Nilichungulia, nikaona kama propela na chuma cha tela vimekaribiana mno. Nikasema, "Fundi, hebu niweke na vyangu. Au tukitoe kabisa hiki chuma."

"Umeshakuwa fundi?" akanijibu, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu. "Nimeshapima. Chukua ufunguo."

Nikachukua. Ningeweza kukataa, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Jibu ni kwamba mtu aliyekufundisha kuona akikuambia hujaona, unaamini macho yako ndiyo mabaya.

Ilikuwa siku ya pili, kwenye shamba la mjane mmoja wa kijiji chetu. Mashine iliingia kwenye dimbwi kavu kati ya mikorosho miwili, dimbwi la kawaida kabisa. Nilisikia mlio kama wa sufuria linaloburutwa kwenye mawe, kisha mshindo. Propela ilikuwa imekipiga chuma cha tela ikakatika, kipande kilichobaki kikajipigapiga mpaka kikapasua sanduku la gia la mashine, oili ikamwagika kwenye majani. Kipande kingine kilipita karibu na kichwa changu kikaenda kujichimbia kwenye shina la mkorosho. Kimo humo mpaka leo, mti umeanza kukimeza. Mimi sikuumia. Nilizima injini nikabaki nimekaa.

Mashamba ya kikundi hayakufyekwa msimu ule. Korosho zilidondokea kwenye majani, watu wakaziokota kwa kupapasa kama wanaotafuta sindano, nyingine zikaoza. Kila aliyeinama alikuwa na jina la kulitaja, na kabla ya kikao jina hilo lilikuwa bado halijaamuliwa, langu au la Fundi.

Kikao kilifanyika kwenye ghala la korosho. Fundi aliitwa kutoka Nachingwea, akaja na kanzu safi. Nilifurahi kumwona. Naona aibu kusema hivyo, ila nilifurahi, nikamletea kiti mwenyewe. Nilijua atasema, "Nilikosea kupima," watu watanung'unika kidogo, halafu tutatengeneza. Hakuna ambaye angemla mzee kwa kosa moja.

Mwenyekiti akamuuliza. Fundi akasimama.

"Mimi nilipima," akasema. "Mwenyekiti, wewe ulikuwepo uliona."

"Niliona," mwenyekiti akasema. "Kwa vidole vyake mwenyewe."

"Basi. Vilipita. Sasa mashine ikishushwa kwa kishindo, kipimo kinasaidia nini? Nimemwambia huyu mama mara nyingi, mkono wake mzito. Leva anaishika kama mchi."

Ghala zima likacheka. Kile kicheko nilikijua, nilikuwa nimekisikia siku ya kwanza uani kwake, tofauti ni kwamba sasa aliyekianzisha ni yeye. Nilimtazama nikingoja anitazame. Alikuwa anakunja mikono ya kanzu.

Nikasema, "Fundi, niliomba nipime na vyangu." Akasema, "Mwanamke akishaharibu lazima awe na neno." Wakacheka tena. Nikakaa. Ufunguo niliuacha pale mezani, na hakuna aliyeniomba niuchukue.

Misimu miwili nililima kwa jembe. Si kwamba jembe ni aibu, nimelelewa nalo. Lakini kila lilipopita trekta la mtu watu waligeuka kunitazama mimi. Watoto waliacha "Mama Trekta," wakapata "Mama Mchi," na hilo lilidumu zaidi. Wanawake wale wale niliokuwa nikiwafyekea waliniambia kwa upole kwamba kila mtu na kazi yake. Mume wangu alimtukana Fundi mbele yangu, nikamkemea, kisha nikaenda jikoni nikamtukana mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoumia. Kama angesema nimeharibu kwa ujinga, ningemeza. Angesema sijui kupima, ningemeza. Alichukua sifa ile ile aliyonipa, akaigeuza makali, akanikata nayo. Alijua ndiyo itakayokata, kwa kuwa yeye ndiye aliyeninolea.

Kazi nilikuja kuipata mbali, upande wa Ruangwa, Mbwemkuru, kwa mtu mmoja ambaye hakuwa amesikia habari za mchi. Bosi wangu huyu ana mashamba ya mikorosho na ufuta na trekta moja zee linalomsikiliza mwenye subira. Siku ya kwanza nilichimba shimo nyuma ya ghala lake. Akaniuliza ni la nini, nikamwambia ni la kupimia. Nilipojisikia nikisema "sakafu ya saruji inakusifia tu," nilinyamaza katikati ya sentensi.

Mwaka huu bosi akanunua mashine mpya ya kufyekea. Ilipofungwa niliona mapema kwamba propela itakula chuma cha tela ikishuka. Nikamwambia nitarekebisha. Lakini mali mpya inamtia mtu woga, akasema, "Hapana mama, hii tumwite yule mtaalamu wa Nachingwea. Nimeulizia, wote wananitajia mtu mmoja." Sikuuliza ni nani.

Alikuja na bodaboda saa tatu asubuhi. Alikuwa amekonda, na amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliposhuka alikaa kidogo akiutafuta usawa wa miguu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya trekta na spana mkononi.

"Shikamoo, Fundi," nikasema. Ugomvi wetu haujanifundisha kunyima watu shikamoo.

"Marahaba." Akasogea karibu, akanikazia macho. Akanitambua. Akatazama chini, akaliona shimo. "Nani kachimba hili?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, na Mungu anisamehe, moyo wangu ulitaka kumkimbilia. Nilifikiri sasa atasema. Hakusema. Akauliza mashine imeletwa lini.

Bosi alikaa nasi mwanzoni, kisha simu ikaita akaenda barazani kuipokea. Mimi nikachukua ufunguo wa trekta, na Fundi hakuuomba. Niliishusha mashine shimoni, nikazima, nikashuka.

"Lete vidole," Fundi akasema.

Juu tulikuwa tumeshapima, vilikuwa vimepita. Kati vilikuwa vimepita. Sasa chini, kidole kimoja kiliingia, cha pili kikagoma kwenye ukucha. Nikautoa mkono.

"Vinapita?"

"Weka vyako, Fundi."

Akageuka kutazama barazani. Bosi alikuwa ametugeuzia mgongo. Fundi akainama, akapapasa propela mpaka akaipata, akasukuma vidole vyake viwili kwenye ile nafasi. Niliviona vikikwama. Niliona ngozi ikikunjamana na kurudi nyuma. Yeye akaendelea kusukuma, uso umetulia, ametazama pembeni kama anayesikiliza.

"Vinapita," akasema.

Damu ilikuwa imeanza kutiririka kwenye chuma. Niliiona mimi kabla yake. Nikamshika kifundo cha mkono nikautoa taratibu, nikamwonyesha. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Nikaliona tena lile birika la moto alilolishika kwa mkono mtupu. Nikaiona chai ya rangi isiyo na sukari, na madereva wote tuliojipanga uani kwake miaka ile, kila mmoja akitoa vidole vyake na kudhani anafundishwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku nyingi," akasema kwa sauti ya chini. "Ni hii sukari. Ilianzia miguuni."

"Hata siku ile na mwenyekiti?"

Akatazama shimoni.

"Fundi. Hata siku ile?"

"Siku ile nilipima. Sikusema uongo, mwanangu. Nilipima kweli."

"Ulipima kwa vidole visivyosikia, ukijua havisikii. Halafu ukasimama ghalani ukasema ni mkono wangu."

Akatoa tambara mfukoni akaanza kukifunga kidole, na tambara likamponyoka mara mbili. Mara ya tatu nikaliokota mimi, nikamfungia. Sikuweza kutazama tu.

"Wewe ulikuwa kijana," akasema. "Nilijua utapata trekta lingine. Na umepata, si hili hapa? Mimi ningepata vidole wapi?"

Nilimngojea amalizie. Nilidhani kuna neno linakuja, na neno hilo nililingoja miaka minne, fupi, lisilohitaji hata meno. Bosi akamaliza simu akaja anafuta jasho.

"Vipi wataalamu, tayari?"

Fundi akaficha mkono mfukoni, akanyoosha mgongo. Sauti yake ikarudi ile ya uani kwake, ya mbele za watu.

"Tayari kabisa, bosi. Vidole viwili, vinapita. Labda umwambie tu dereva wako ashushe taratibu. Huyu namjua tangu Ruponda. Kazi anaiweza, ila mkono wake mzito."

Akacheka kidogo, akanigonga begani.

Ningeweza kusema yote pale pale. Damu ilikuwa bado kwenye chuma, ningemwonyesha bosi kwa kidole. Sikusema, na asije mtu akaniambia ni huruma. Niliyetaka aseme alikuwa yeye, na nilikuwa nimemwona akichagua tena, safari hii bila kikao, bila mwenyekiti, bila mtu wa kumcheka, na damu yake mwenyewe ikiwa bado mbichi.

"Bosi," nikasema, "bado haijawa tayari. Njoo karibu uangalie."

Nikainama chini ya trekta. Nikachomoa pini ya chuma cha tela, nikakivuta chote kikatoka, nikakiegemeza kwenye ukuta wa ghala. Ni kizito, bosi alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache. Nikawasha, nikainyanyua mashine mpaka juu, nikazima, nikashuka, nikaingiza vidole vyangu kati ya propela na mikono ya kunyanyulia.

Nyuma yangu sauti ya kizee ikauliza, kwa mazoea tu nadhani, "Vinapita?"

Sikugeuka. Nikapanda, nikaishusha hadi kati, nikashuka, nikapima. Sauti ikauliza tena, chini zaidi, "Vinapita?"

Nikapanda mara ya tatu. Nikaiacha mashine ishuke shimoni kwa uzito wake wenyewe, haikutoa hata kishindo, bosi mwenyewe akasema "Ah!" Nikazima, nikashuka, nikapiga magoti ukingoni mwa shimo. Mahali pale penye damu, kati ya propela na kibanio kilichokuwa kimeshika kile chuma cha tela, vidole viwili viliingia, kikaingia na cha tatu.

"Mwanangu," Fundi akasema. "Vinapita?"

Nikamjibu bosi.